Siku Tulipozika Tairi Kabla ya Marehemu

Nyinyi vijana mnaopita hapa Kiamunyi kila Jumamosi na magari marefu kama ghorofa, mkielekea Menengai kuchezea matope, nawaona. Nakaa kwenye veranda na chai yangu nawatazama. Sepetu zimefungwa juu ya paa, safi, hazijawahi kuonja udongo. Winchi ya kuvutia magari iliyofungwa mbele inang'aa kama meno ya bwana harusi. Wiki jana mmoja wenu alisimama kuuliza njia, akaiona gari yangu kuukuu kwenye kibanda cha mabati, akanyoosha shingo.

"Niaje mathe. Hii skrapu unauza?"

"Skrapu ni wewe," nikamwambia.

Alicheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Gari hiyo inaitwa Nyumbu, na imewatoa matopeni baba zenu wengi, wakiwa wamevaa suti na wanalia.

Mimi jina langu ni Tabitha, lakini kuanzia Gilgil hadi Mai Mahiu ukiuliza Tabitha hutaonyeshwa mtu. Uliza Mama Winchi. Wanawake wengine huitwa kwa watoto wao. Mimi niliitwa kwa chuma, na chuma hakijawahi kuniaibisha. Kazi yangu ilikuwa kutoa magari yaliyokwama: kwenye tope, kwenye mitaro, kwenye mchanga, na kwenye zile barabara ambazo asubuhi ni barabara na saa nane mchana ni mto. Niliifanya mpaka mgongo ukasema basi. Mgongo ndio uliosema. Mimi sijasema.

Watoto wangu hawataki niongee mambo haya. Wanasema nipumzike, nilee kuku. Kuku ninao. Lakini kuku hawana haja ya kujua namna ya kutoa gari, na nyinyi mnayo, kwa hivyo sikilizeni.

Ukikwama, toa mguu kwenye mafuta. Hilo tu. Ukilijua hilo umeshamaliza nusu ya kazi. Gari ikizama kidogo, mtu huona aibu, na aibu hushuka mpaka kwenye mguu wa kulia. Anakanyaga. Tairi linazunguka, linachimba, na kadiri linavyochimba ndivyo naye anavyozidi kukanyaga, mpaka gari inalala kwa tumbo kama ng'ombe mgonjwa. Kisha anashuka, anapiga teke bampa, anauliza nani alitengeneza barabara hii. Zima gari. Shuka. Zunguka uitazame. Inama, uone ni nini hasa kimeishika. Mara nyingi si matope yote yanayoishika gari. Ni jiwe moja au mzizi mmoja chini ya difu, lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu, na ukiondoa jiwe au mzizi huo, gari inatoka yenyewe huku umesimama na sepetu mkononi.

Hayo nilifundishwa na Salim. Salim alikuwa na gereji hapo Nakuru, nyuma ya nyumba za zamani za reli. Babu yake alikuja na reli kutoka Pwani, na yeye alizaliwa hapa, lakini alikuwa na Kiswahili cha kwao, kilichonyooka, na matusi yaliyonyooka zaidi. Nilienda kwake kupika chai ya mafundi. Siku moja fundi mmoja hakuja kazini na kulikuwa na lori limekwama njia ya Mau. Salim akanitazama nimeshika sufuria.

"Binti, waweza kuchimba?"

"Baba yangu ana shamba," nikasema. "Unadhani viazi vinajitoa vyenyewe?"

Nilichimba siku hiyo mpaka mikono ikatoka malengelenge, na sikurudi jikoni tena. Mafundi wakalalamika kwamba chai imeharibika. Salim akawaambia wajifunze kupika.

Alikuwa na sikio moja na nusu. Nusu nyingine ilikatwa na ndoano, siku alipovuta trela kwa mnyororo akasimama karibu kuangalia. Mnyororo ukakatika, ndoano ikaruka, ikapita kichwani kwake ikaenda kuvunja kioo cha gari nyingine iliyosimama mbali. "Sikio lililokwenda," alikuwa akisema, "ndilo lililokuwa halisikii ushauri." Tangu hapo hakuna aliyevuta gari mbele yake bila kutandika kitu kizito juu ya waya, koti au gunia lenye udongo, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Na hakuna aliyeruhusiwa kusimama karibu. Hata mwenye gari. Hata askari. Niliwahi kumwona akimfukuza mkuu wa polisi kwa fimbo ya kupimia mafuta, na mkuu wa polisi akaondoka mbio.

Siwadanganyi kwamba watu walinipokea kwa makofi. Kuna siku niliitwa ukingoni mwa Ziwa Nakuru. Gari ya watalii ilikuwa imezama kwenye tope la magadi, lile tope jeupe juu na jeusi ndani, linalonuka kama mayai mabovu. Meneja wao, jamaa wa tai na viatu vya kuchongoka, aliniona nashuka kwenye Nyumbu akatazama nyuma yangu.

"Mwanaume yuko wapi?"

"Mwanaume ndiye aliyeikwamisha," nikamjibu.

Hakupenda. Akasema atangoja mtu anayejua kazi. Nikakunja mkanda wangu wa kuvutia taratibu, nikaurudisha kwenye gari, nikaketi, nikafungua chupa ya uji. Nyati walikuwa wamesimama kule kwenye nyasi wakitutazama. Watalii walianza kuwahesabu kwa sauti. Kabla sijamaliza uji alikuja dirishani, tai imelegea.

"Madam, tafadhali."

Hapo nikashuka.

Na mimi nimekwama pia, msidhani nilizaliwa na winchi mkononi. Njia ya kuelekea Eburru niliwahi kwenda kutoa pikapu nikazama mbele yake. Nilitolewa na punda wa muuza maji, Nyumbu nyuma na punda mbele, watu wa soko zima wakishangilia. Niliwapungia mkono kama gavana. Ungekwama wewe ungejificha chini ya kiti. Aibu haitoi gari, kwa hivyo mimi sikuwahi kuibeba.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Nduta.

Siku hiyo nilikuwa Longonot, natoa lori la kabichi kwenye mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa ziwa la huko. Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, imetulia kabisa.

"Wewe ndiye Mama Winchi?"

"Ndimi."

"Mume wangu amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Huku juu ya Ndabibi. Amebakisha kidogo tu afike nyumbani." Kisha akasema, "Yuko ndani ya jeneza."

Nilimalizia kulitoa lori, nikamwambia dereva wa kabichi ashukuru Mungu, nikazunguka ziwa.

Udongo wa Ndabibi ni jivu la mlima. Ukiwa mkavu ni unga, ukimfuata mwenzako barabarani unapiga chafya mpaka jioni. Ukinyeshewa unakuwa sabuni. Nilipanda ile njia kwa gia ndogo mpaka nikawaona watu juu ya mteremko, miavuli myeusi mingi, nao wamesimama mafungu mawili. Kwaya imevaa sare lakini haiimbi. Katikati ya njia, gari nyeupe ya maiti ilikuwa imetazama juu, imezama nyuma mpaka ekseli, kitako kimeteleza kuelekea korongo. Upande mmoja wa njia ni hilo korongo, upande wa pili ni ua wa seng'enge. Hakuna nafasi ya kupita hata na toroli.

Dereva wake, jamaa anayeitwa Barasa, alikuwa na matope hadi kwenye meno.

"Mathe, nilikanyaga mafuta mpaka mwisho," akaniambia.

"Najua. Shimo linasema."

Nduta akaja. Mwanamke mwembamba, nguo nyeusi, gambuti miguuni. Alinisalimia kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni kwake, na kabla hajasema neno la pili mzee mmoja akajitokeza kutoka kwenye lile fungu lingine. Alikuwa mrefu, kofia ya manyoya, bakora. Huyo alikuwa Gatheru, kaka mkubwa wa marehemu.

"Mama, umesumbuliwa bure," akaniambia kwa upole. "Rudisha gari yako. Hapa hakuna kilichokwama. Ndugu yangu amekataa."

Nyinyi wa siku hizi mtacheka. Lakini huku kwetu gari ya maiti ikikwama karibu na nyumbani, watu hawasemi imekwama. Wanasema marehemu amekataa. Amekataa kuzikwa mahali hapo, au kuna mtu ana neno naye. Nimeona watu wazima wakigeuza msafara mzima kwa sababu ya pancha.

"Anataka alale kwa baba yetu, kule chini," Gatheru akaendelea, sasa akipaza sauti ili wote wasikie. "Mmejionea wenyewe. Amefika hapa, akasimama."

Nilimtazama Nduta. Akanivuta kando, akanieleza kwa maneno machache. Mumewe, Mwaura, alipewa kipande cha juu cha shamba la baba yao, kile ambacho ndugu wengine hawakukitaka kwa sababu hakikuwa na maji. Walijenga huko, wakavuna maji ya mvua, wakapanda, kipande kikakubali. Hapo ndugu wakaanza kukitamani. Mwaura akaugua, akakaa kitandani muda mrefu, na kabla hajafa aliwaambia watu wote, hata katekista, kwamba azikwe juu, mlangoni kwake. Nduta hakunieleza kwa nini. Hakuhitaji. Huku kaburi husema kuliko karatasi. Mume akilala juu, mke hafukuzwi juu. Mume akilala chini kwa baba yake, kesho utasikia mama aondoke, ardhi ni ya ukoo.

"Vijana wa kanisa wamejitolea kumbeba mabegani," Nduta akaniambia. "Nimewakataza. Jeneza likishushwa hapa, maneno ya Gatheru yamekuwa kweli. Wajukuu wangu wataambiwa babu yao alikataa kufika. Nataka aingie langoni na hii gari. Utaitoa?"

Niliinama chini ya ile gari, nikalala kwenye tope lote, nikatazama. Kisha nikasimama, na kwa kuwa Gatheru alikuwa amepaza sauti, nami nikapaza.

"Marehemu hajakataa," nikasema. "Aliyekataa ni tairi la nyuma la kushoto."

Mtu akacheka kwenye miavuli. Kisha mwingine. Gatheru hakucheka.

Sasa sikilizeni, hapa pana kazi. Nyumbu ilikuwa chini, nyuma ya gari iliyokwama, na hakuna njia ya kupita. Kuivuta kurudi nyuma ni rahisi, mteremko ungenisaidia, lakini kurudi nyuma ndiko Gatheru alikokutaka. Kwa hivyo nikashusha winchi ya mkono, ile ya kuvuta kwa mpini, unaupeleka mbele na nyuma, waya inaingia kidogo kidogo. Haina haraka, lakini haina moshi wala kiburi, na mtu yeyote mwenye mikono anaweza kuiendesha. Inachohitaji ni kitu imara mbele cha kuifunga. Na juu yetu, ndani kidogo ya ule ua wa seng'enge, ulisimama mkaratusi mmoja mnene, mahali ambapo hata mimi ningepachagua.

"Mti huo ni wangu," Gatheru akasema kabla sijanyoosha kidole.

"Mwaura ndiye aliyeupanda," Nduta akasema.

"Aliupanda kwangu."

Niliwaza kumbishia. Salim angembishia kwa matusi mpaka jua lizame. Lakini mti wa mtu ni wa mtu, na nilikuwa na kitu ambacho Gatheru hawezi kudai.

"Basi kaa na mti wako, mzee," nikamwambia. Nikageukia wachimba kaburi. Walikuwa wameshuka kutoka juu kuona kilichochelewesha mazishi, wakiwa bado na majembe begani. "Nichimbieni kaburi hapa katikati ya njia. Refu hivi, la kufika kiunoni."

Wakatazamana. "La nani, mathe?"

Nikavingirisha tairi la akiba la Nyumbu mpaka miguuni kwao. "La huyu."

Nyote mnaoshinda mkitafuta miti Menengai, shikeni hili. Mahali pasipo mti, unazika tairi. Unachimba shimo juu ya mteremko, likikatiza njia, unasimamisha tairi ndani wima, uso wake ukitazama gari. Unapitisha mnyororo katikati ya ringi na kuufunga nyuma kwa chuma kinene, kisha unauchimbia mtaro mwembamba utoke ardhini kwa mshazari. Usipochimba mtaro huo, mnyororo utalinyanyua tairi litoke kama jino. Halafu unafukia na unakanyaga, unafukia na unakanyaga. Juu udongo ule ulikuwa sabuni, lakini mvua haikuwa imeshuka ndani. Chini ya shubiri moja tulikuta jivu kavu, zuri, linaloshika ukilishindilia.

Wachimba kaburi walianza wakinung'unika. Kisha Nduta akachukua jembe kutoka mkononi mwa mmoja wao, akajifunga shuka kiunoni, akaingia shimoni na nguo yake ya msiba. Baada ya hapo hakuna aliyenung'unika. Kijana mmoja kutoka fungu la Gatheru akavuka njia akaja kushika sepetu, kisha wa pili. Niliambiwa baadaye hao walikuwa wanawe mwenyewe. Tulipofika kulikanyaga, kwaya nzima ilipanda juu ya tairi ikakanyaga kwa mdundo, na mwanakwaya mmoja akauliza kama tuombe. Tukacheka sote, kwenye mazishi, na Nduta akacheka pia, akafuta macho kwa kiwiko chenye tope.

Nilipunguza upepo kwenye matairi ya ile gari mpaka yakalegea kama chapati, ili yashike udongo kwa upana. Nikachimba mbele ya kila tairi njia ya kupandia, si ukuta. Zile mbao zilizoletwa kwa ajili ya kaburi nikazilaza chini ya matairi ya nyuma. Katekista akatoa koti lake zito bila kuombwa, nikalitandika juu ya waya. Nikamwambia Barasa aketi, ashike usukani, na mguu wake akiona unataka mafuta auvue aniletee. Nikawasukuma watu wote mbali, juu kwenye nyasi.

Nikaanza kuvuta. Waya ikainuka kutoka kwenye tope, ikanyooka, ikaanza kuimba ule wimbo mwembamba ambao masikio yangu yanausikia mpaka leo nikilala. Ardhi juu ya tairi ikatetemeka kidogo, ikatulia. Ilishika. Gari ikalia, ikasogea upana wa mkono.

Ndipo Gatheru akashuka kutoka kwenye nyasi, akavuka, akasimama akiwa ameitanua miguu, waya katikati. Akashika bakora yake kwa mikono miwili.

"Vuta basi," akaniambia.

Nitawaambia ukweli kuhusu nilivyohisi. Nilikasirika mpaka nikaona giza. Mikono yangu ilikuwa kwenye mpini, na mpini ulikuwa mwepesi. Lakini waya iliyokazwa haichagui nani mbaya. Nikalegeza, hatua moja moja, gari ikarudi pale pale ilipokuwa, na nikasikia watu wakishusha pumzi kwa huzuni. Gatheru akatabasamu. Alidhani nimeshindwa.

Nikaketi juu ya kaburi la tairi.

"Mzee, mimi sivuti mtu akiwa juu ya waya," nikamwambia. "Wala siondoki. Nina uji, nina blanketi, na gari yangu imeziba njia ya kushukia. Tutakaa hapa mimi na wewe na ndugu yako mpaka mmoja wetu achoke, na ndugu yako hachoki."

"Hata mimi sichoki," akasema.

Mvua ikaanza tena. Hakuna aliyesogea. Ndipo Nduta akatembea mpaka mbele ya shemeji yake, karibu kabisa, matope hadi magotini, na akasema naye kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaoongea juu ya maziwa.

"Shemeji, alipokuwa mgonjwa hukupanda mlima huu. Nilikutumia watu, ukasema barabara ni mbaya. Leo barabara ni mbaya zaidi, na umepanda." Akanyoosha mkono kuelekea ile gari. "Kama unajua Mwaura anataka nini, mlango haujafungwa. Mtoe. Mbebe umpeleke chini. Sitakuzuia. Lakini mimi sitamshika upande mmoja, na nataka nione nani atakusaidia kumshika."

Gatheru akageuza kichwa kuwatafuta wanawe. Walikuwa wamesimama na wachimba kaburi, sepetu mikononi, udongo mpaka usoni, wakitazama chini. Akawatazama wengine wa fungu lake. Mmoja akafunga mwavuli wake taratibu akavuka kuja upande wetu. Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye ukingo wa ile kofia ya manyoya, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee kweli, mzee aliyefiwa na mdogo wake.

Akainua mguu mmoja, akauvusha. Akatoka kwenye waya, akapanda juu kuelekea nyumbani kwa marehemu, akaenda kukaa ndani ya gari yake mwenyewe aliyokuwa ameiegesha uani tangu asubuhi.

Nilipofika kwenye winchi nilimkuta Nduta tayari ameshika mpini.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Akavuta. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Nilisimama pembeni naitazama waya na naitazama gari, na nikaona tairi la nyuma la kushoto likipanda ubao, likiteleza, likipanda tena. Likakaa. Gari ikajinyanyua kutoka shimoni kwa kishindo cha tope, Barasa akapiga kelele za furaha humo ndani na mguu wake, Mungu ambariki, ukabaki palepale. Tukalifukua tairi, tukalizika mbele zaidi, tukavuta tena, mpaka ikafika palipo na majani na ardhi ngumu. Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa. Mwaura akaingia kwake langoni, kwa magurudumu yake manne, na mkewe ametangulia mbele akiwa na tope kama mtu aliyeumbwa siku hiyo.

Tulimzika. Katekista alihubiri kwa kifupi kwa sababu hakuwa na koti.

Nilikuwa nje nafunga vitu vyangu nikasikia mlio ninaoujua kuliko jina langu: injini inanguruma na gari haiendi. Gatheru alikuwa anataka kuondoka bila kula. Gari yake ndogo, ya chini, ilikuwa kwenye nyasi za ule ua, na watu walikuwa wamezikanyaga siku nzima. Alikuwa anakanyaga mafuta. Matairi ya mbele yalikuwa yameshachimba, matope yanaruka mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Watu wakatoka na sahani mkononi kutazama. Wengine walianza kusema lile neno, chini chini, marehemu amemkataza kaka yake kuondoka, na kicheko kikaanza kuzunguka ua mzima.

Sikushiriki. Nilisimama nikangoja, kwa sababu pale hapakuwa kwangu, na Gatheru hakuniita. Alishika usukani akitazama mbele, shingo imekakamaa.

Nduta akatoka jikoni. Akamtazama Gatheru, akawatazama wanaocheka mpaka wakanyamaza. Kisha akanigeukia.

"Mtoe, Mama Winchi," akasema. "Nataka aende kwake."

Njia sasa ilikuwa wazi. Niliipandisha Nyumbu mpaka uani, nikafunga mkanda, nikagonga dirisha la mzee.

"Toa mguu kwenye mafuta," nikamwambia.

Akautoa. Nilimvuta mpaka nje kwenye ardhi ngumu, nikafungua mkanda, na akashuka mteremko polepole bila kutazama nyuma. Nduta alitembea mpaka langoni, akaligusa kwanza kwa kiganja kama mtu anayepima joto, kisha akalivuta, akalifunga kwa komeo, akarudi ndani kuwapakulia watu wake chakula.